Samaki wa Amana



Wasomaji wetu watukufu, na hasa mama zetu na dada zetu mnaotuuliza kila mara juu ya malezi, juma hili tumeona tuyaweke kando masuala ya kawaida tuwasimulie jambo lililotupata nyumbani kwetu Kitengela. Kwa kipimo ni jambo dogo, kwani linahusu samaki saba, kila mmoja urefu wake ni wa kidole cha shahada. Hata hivyo limetukaa moyoni, na ahli yetu ametuambia kwamba mtu anayewaandikia wenzake makosa yao kila juma hana budi siku moja aandike na lake.

Sisi ni watu wa Lamu. Aliyezaliwa katika nyumba za mawe za huko anajua kwamba chooni pana birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na katika birika hilo wazee wetu waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mafundi wa zamani walifanya zaidi ya hayo. Katika sakafu ya birika walizika bakuli la kaure kutoka Uchina, ili maji yanapopungua, au yanapotolewa kwa kusafishwa, samaki wapate pa kukimbilia wasife. Tulipokuwa watoto tuliteka maji juu ya samaki wale kila siku, wala hatukupata kujiuliza ni nani aliyewaza juu ya lile bakuli. Tungelifikiria mapema, pengine tusingekuwa na la kuandika leo.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 binti yetu, aliyekuwa akikaa Mombasa na mwanawe, alipata kazi Muscat kwa mkataba wa miaka miwili. Yaliyompeleka hatutayaeleza, wenye mabinti wanayajua. Alituletea mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka minane, na pamoja na mwana akatuletea hodhi la kioo la lita 120. Alisafiri nalo kwa basi la usiku likiwa limeviringishwa godoro, na samaki wamo ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji theluthi na hewa theluthi mbili, mifuko imo ndani ya ndoo, na ndoo iko miguuni pake. Tulipompokea Athi River alfajiri, tulimwambia kwa mzaha kwamba watu huvuka bahari na dhahabu. Akajibu, "Baba, hii ni amana. Mtoto na samaki wake."

Hodhi lile lilikuwa la mchanganyiko, yaani la samaki wa aina mbalimbali wanaoishi pamoja bila kudhuriana. Juu waliogelea gapi wenye mikia ya rangi, katikati samaki wenye mistari kama ya punda milia, na chini, mchangani, walikaa hao saba ambao mtoto aliwapenda kuliko wote. Wauzaji huwaita lochi. Ni wembamba mfano wa mkunga aliyetoka yaini leo, rangi yao ni ya manjano iliyokatwa kwa mapande ya hudhurungi, na mdomoni wana vindevu vidogo vya kupapasia chakula. Mchana hujificha chini ya gogo au hujizika mchangani, ndipo mchanga wao ukahitajika uwe laini, maana kokoto huwachubua vindevu. Hawapendi upweke, na wajuzi hushauri wasipungue watano au sita. Magamba yao ni madogo mno, kwa hiyo chumvi na dawa huwaumiza upesi kuliko samaki wengine. Tena ni hodari wa kutoroka. Tundu la kupitisha waya likiwa wazi juu ya kifuniko, asubuhi utamkuta mmoja amekauka sakafuni.

Jina lao la kitaalamu, Pangio kuhlii, limetokana na kijana wa Kijerumani, Heinrich Kuhl, mchunguzi wa viumbe aliyekwenda Java akafia huko mwaka 1821 akiwa na miaka 23. Mjukuu wetu alikuwa akiijua habari hii kwa moyo, na kila mgeni aliyefika alisimuliwa. Asili ya jamii hiyo ya samaki ni vijito na vinamasi vya misitu ya Malaya, Sumatra, Java na Borneo, ambako maji ni ya vuguvugu, laini, na mekundu kama chai kwa sababu ya majani yanayooza ndani yake. Ili kuwapatia maji yanayofanana na hayo, binti yetu alifungasha mfuko mzima wa majani makavu ya mkungu, mti ule ule unaotupa kungu na kivuli pwani yetu yote. Jani moja au mawili hutiwa majini, na rangi yake hutoka polepole.

Lakini Kitengela si Malaya, wala si Mombasa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake huingia hadi kwenye mifupa ya sisi tuliolelewa na kaskazi. Samaki hawa hutaka joto la nyuzi 24 hadi 28. Palikuwa na hita ndani ya hodhi, na umeme ulipokatika bibi yake mtoto alilifunika hodhi kwa blanketi la wageni. Maji nayo ni habari nyingine. Tunayoyapata kwenye visima virefu vya huku ni magumu, huacha ukoko mweupe katika sufuria, na sehemu nyingi za Kajiado yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mama mwenye mtoto mwenye meno ya kahawia huku hana haja ya kuelezwa zaidi.

Juma la pili baada ya binti yetu kuondoka, tuliamka usiku kwa ajili ya tahajudi tukamkuta mtoto ameketi juu ya mkeka mbele ya hodhi, tochi ameifunika kwa pindo la kanzu. Akatunong'oneza, "Babu, usiwashe taa. Wanatoka." Tukaketi. Kweli walikuwa wakitoka mmoja mmoja chini ya gogo, wakipinda kama herufi zinazoandikwa na kufutwa. Tulimuuliza mbona halali. Akasema mama yake alimwambia kwamba samaki hawa huwa macho usiku, basi akikosa usingizi ajue kwamba hayuko peke yake. Tukaenda kutawadha, tukasali, na maneno yale hatukuyafikiria tena. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na ndilo lililozaa la pili.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa ukame. Mvua ilikuwa haijanyesha ipasavyo tangu mwisho wa 2020, msimu baada ya msimu. Mwezi wa Agosti tulikwenda Kajiado mjini kwa darasa, na baada ya Isinya tukaanza kuona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara ya Namanga, mingine imekauka hata ngozi imebaki kama turubai juu ya mbavu. Jina la Kajiado limetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu kwa Kimasai. Tulipoufikia huo mto ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wakichimba humo mashimo kutafuta maji ya kujaza mitungi.

Siku chache baadaye alikuja mzee wa Kimasai, jirani anayetuletea maziwa, aliyekuwa amebakiwa na ng'ombe watano. Siku ile hakuwa na maziwa, alikuja kutuamkia tu. Alisimama mbele ya hodhi muda mrefu, kisha akasema, "Sheikh, hawa ni nyoka."

Tukamwambia ni samaki.

"Mnawala?"

"Hapana, mzee."

"Basi mnawanywesha tu," akasema, akacheka.

Hakukuwa na ubaya katika cheko lake, ila sisi lilituchoma. Baada ya Isha tulimwita mtoto tukamwambia kwamba ile lita 30 anayobadilisha kila juma, sawa na mtungi mmoja na nusu, ni israfu wakati huu ambapo majirani zetu wanafiwa na mifugo. Tulimweleza kwamba dini imetufundisha tusiyafuje maji hata tukiwa kando ya mto. Mtoto akasema mama ameagiza hivyo. Tukamjibu kwamba mama aliagiza kwa hali ya Mombasa. Hakusema tena. Jambo ambalo hatukulitazama, ilhali lilikuwa mbele ya macho yetu, ni kwamba maji aliyoyatoa hodhini aliyamwagia sukuma wiki za bibi yake nyuma ya nyumba, na mboga zile zilikuwa zikistawi kwa uchafu wa samaki. Hapakuwa na tone lililopotea. Israfu tuliikemea kabla ya kuichunguza, na mwenye kutoa fatwa namna hiyo msikitini tungelimrudi.

Majuma matano yakapita. Maji yakawa na rangi mbaya na harufu. Alhamisi moja mwezi wa Septemba, tukitarajia wageni siku ya pili, tuliamua kulisafisha hodhi wenyewe mtoto akiwa shuleni, na tulilisafisha kwa bidii ya mtu aliyefundisha mlango wa tahara miaka thelathini. Tuliwatia samaki ndooni, tukamwaga maji yote, tukauosha mchanga kwa maji yanayochemka, na sponji ya chujio, iliyokuwa nyeusi na yenye utelezi, tukaifua kwa sabuni na dawa ya kutakasia nguo hata ikawa kama mpya. Lori la maji lilikuwa limeleta maji asubuhi ile ile. Tukajaza hodhi, tukawarudisha samaki, kioo kikang'ara. Tulikaa mbele yake tukajipongeza.

Kabla ya Alasiri gapi wote walikuwa wameelea. Lochi walipanda juu kugugumia hewa, wakashuka, wakapanda. Mtoto aliporudi, wanne walikuwa wamelala chali mchangani na watatu hawaonekani.

Hakulia. Aliinusa ndoo, akalishika chujio, akauliza, "Babu, uliosha sponji?"

Tukasema ndiyo.

Akaenda chumbani akaleta daftari. Lilikuwa limekaa juu ya rafu yetu ya vitabu tangu siku ile mama yake alipoondoka, limeandikwa kwa hati nzuri, na sisi ambao hatuachi kuwahimiza watu wasome hatukuwa tumelifungua. Ukurasa wa pili ulisema kwamba uchafu wa samaki hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Kwamba katika sponji na mchanga wanaishi bakteria wasioonekana ambao huigeuza amonia hiyo kuwa naitraiti, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni machache. Kwamba sponji isioshwe ila kwa maji yaliyotolewa humo humo hodhini, wala maji yote yasibadilishwe siku moja. Na kwamba maji yenye klorini yawekwe wazi kwa siku nzima kabla ya kutumiwa. Mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa kalamu mara mbili.

Usiku ule tulikaa na Safinatun-Najaa, kitabu cha kwanza tulichosomeshwa na cha kwanza tulichosomesha. Tuliyajua ya humo yote. Tulijua kwamba hodhi la lita 120 halifikii qulatayni, ambazo wengi huzikadiria kuwa lita 216 hivi. Tulijua kwamba mfu wa samaki ni tohara, na kwa hiyo maji yale waliyofia wale lochi wanne yalikuwa bado yanatufaa sisi kwa udhu. Walakini hao waliokuwa wakiishi ndani yake yaliwaua, na aliyeyatia ni sisi.

Asubuhi mtoto alitujia na shauri lake: "Babu, tusimwambie mama. Atalia kazini."

Tunakiri kwamba shauri lile lilitupendeza kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Mlango wa kulihalalisha haukuwa mbali. Kisha tukakumbuka hadithi ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege akikicheza nacho, kikafa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona mtoto yule ana huzuni alimsemeza na kumuuliza habari za kindege chake. Ibnul-Qaas, mwanachuoni wa Kishafii, alitunga kijitabu akatoa humo faida 60 za hadithi hiyo. Tumewahi kuzisomesha faida hizo vipindi vitatu mfululizo, ya kunya na ya mzaha na ya kuwinda na nyinginezo. Nazo zote ziko juu ya jambo moja ambalo halikutuingia mpaka siku ile: kwamba Mtume wa Mwenyezi Mungu, pamoja na mzigo aliokuwa nao, alijua ya kuwa yule mtoto ana ndege.

Tukamketisha mtoto sebuleni, bibi yake yupo, tukamwomba radhi kwa kosa la kuosha na kwa lile la kumzuia asifuate agizo la mama yake. Tuwaeleze ukweli, wasomaji: tumepata kusimama mbele ya makadhi na mbele ya majeneza, na ulimi haujatuwia mzito kama siku ile. Mtoto alitutazama, akasema, "Nimekusamehe, Babu. Lakini usiguse tena mpaka uniulize." Bibi yake akageuza uso ukutani ili asionekane akicheka.

Binti yetu tulimpigia Ijumaa ile ile baada ya sala. Alinyamaza muda mrefu tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Wamebaki wangapi?" Tukamwambia watatu, na hata hao hatujawaona tangu jana. Akasema, "Baba, mimi sikumwachia samaki kwa sababu ya samaki. Alikuwa haamki usiku kabla ya kusikia kwamba naondoka." Hapo ndipo yale maneno ya mkekani yalipotufikia, miezi minane baada ya kusemwa.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa ya mtoto, sisi tukiwa wasaidizi. Tulijaza mitungi tukaiacha wazi usiku kucha. Tulibadilisha kidogo kila siku, robo ya hodhi, kwa majuma kadhaa, mpaka sponji ikarudi kuwa nyeusi na yenye utelezi, na mara hii tukaushukuru utelezi ule. Tulitia majani mapya ya mkungu. Chakula kilitiwa usiku baada ya taa kuzimwa, kiasi cha ncha ya kijiko tu. Siku ya kumi na moja mmoja alitoa kichwa mchangani. Kila lita iliyotoka ilikwenda kwenye sukuma wiki, na mzee wetu wa maziwa alikuwa akipelekewa fungu kila Jumatatu; mara ya kwanza alipoambiwa zimekuzwa kwa maji ya nyoka aliuangalia mkono wake uliozishika.

Mwezi wa Novemba, wakati mvua za vuli zilipotazamiwa, wale watatu walianza jioni moja kupanda na kushuka kwenye kioo bila kutulia. Mtoto alikuja mbio msikitini kutuarifu kwamba mvua inakuja. Alikuwa amesoma kuhusu ndugu yao wa Ulaya, Misgurnus fossilis, ambaye watu wa zamani walimweka katika chupa kwa sababu huhangaika hali ya hewa inapokaribia kubadilika. Tulimwambia kwamba ujuzi wa mvua uko kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba samaki akihisi hewa nzito hajui ghaibu, anahisi hewa tu. Tulilieleza hilo vizuri. Kisha tukatoka nje sisi wote wawili tukaangalia upande wa vilima vya Ngong hadi Isha. Mvua haikuja, na vuli yote ikapita hivyo.

Ilikuja Machi 2023, siku zile za kuingia Ramadhani. Tulikuwa tukila daku ilipoanza kupiga mabati, kwanza kwa mbali, kisha kwa kishindo kilichozima mazungumzo. Mtoto alitaka kutoka na ndoo. Bibi yake akamwambia aiache ile ya kwanza ioshe paa, maana kuna vumbi la miaka miwili huko juu, naye akasimama mlangoni akihesabu dakika. Maji ya mvua ni laini, hayana chokaa wala floraidi, na yakichanganywa nusu kwa nusu na ya kisima hukaribia yale ya vinamasi vya kwao lochi; hayo nayo yamo daftarini, ukurasa wa sita, ambao sasa tumeusoma.

Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. Binti yetu alikuwa ameshasali Alfajiri alipopiga simu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nini hicho kinachovuma?" Mtoto akaiinua simu kuelekea darini asikie mwenyewe. Kisha tukamsikia akiuliza kama wametoka.

"Wawili wametoka," mtoto akasema, amepiga magoti gizani mbele ya kioo. "Wa tatu bado. Usikate, mama, nangoja."